NILIMDANGANYA MAMA MIAKA 15 KISA FAILI MOJA LA BARUA PEPE!

Na Mwandishi Wetu, Mbulu

EBWANA eeh, kuna uongo ambao mtu unautoa asubuhi ukidhani mpaka jioni utakuwa umeshasahaulika. Wa kwangu niliutoa mwaka 2008, nyumbani kwetu Mbulu, nikakaa nao kifuani miaka 15. Nilipokuja kuutapika, mji wa jirani wa Katesh ulikuwa unalia kwa mambo makubwa kuliko yangu.

Uongo wenyewe ulikuwa maneno mawili tu: "Zipo, mama."

Mama alikuwa ameuliza barua za kaka ziko wapi. Kaka tulikuwa tumemzika wiki mbili kabla. Na barua zenyewe hazikuwepo, nilikuwa nimezipoteza kwa mikono yangu hii hii inayoandika hapa.

Najua wewe mtoto wa mjini umeshaanza kuguna: barua pepe zinapoteaje, si zipo tu kwenye simu? Tulia mtu wangu. Kabla hujafika mwisho utakuwa umeinuka kwenda kuikagua kompyuta ya ofisini kwenu.

MASHINE YA MJOMBA

Mwaka 2003 nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, niko nyumbani nakula ugali wa bure. Mjomba akasema hapana, kijana mzima hawezi kushinda anahesabu kuku. Akanichukua kwenye ofisi yake ya uchapaji mjini Mbulu.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja. Mashine ya fotokopi, taipureta ambayo mjomba alikataa kata kata kuiuza, na kompyuta moja ya mezani yenye kisogo kikubwa kama tenga la kuku. Mkoa wa Manyara ndio kwanza ulikuwa umezaliwa, mwaka 2002, kwa kumegwa kutoka Arusha, kwa hiyo kazi za kuchapa barua na fomu hazikukauka.

Intaneti ilikuja kwa waya wa simu ya mezani. Modemu inalia kama paka aliyekanyagwa mkia, inalia tena, halafu inashika. Ikishashika, kila dakika ni pesa. Mjomba alikuwa anasimama nyuma yangu na saa yake mkononi kama refa anayesubiri kumaliza mpira. "Chota, kata!" Ndiyo ilikuwa amri yake.

Na kweli ndivyo tulivyofanya. Unaunganisha, programu inachota barua zote kutoka kwenye seva, unakata simu, halafu unasoma taratibu bila gharama. Mtindo huo unaitwa POP. Uzuri wake ni kwamba unaokoa pesa. Ubaya wake ni kwamba ukiuacha kama ulivyokuja, ukishachota barua kule kwenye seva zinafutwa. Ni kama sanduku la posta: ukishatoa barua zako na kwenda nazo nyumbani, sanduku linabaki tupu. Nyumba ikiungua, usirudi posta kuuliza.

Wateja walikuwa wa kila aina. Wafanyabiashara wa vitunguu saumu, walimu, masista, na vijana wakimbiaji waliokuwa wanatafuta mbio za nje. Usisahau hapa ndiko kwao John Stephen Akhwari, yule aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akiwa ameumia, mguu umefungwa bandeji. Kwa hiyo Mbulu kijana yeyote mwenye pumzi ana ndoto ya ndege.

Lakini mteja wangu mkubwa alikuwa mama. Mwaka huo huo kaka alikuwa amekwenda kusoma India, na kila baada ya wiki mbili alituma imeili kwa anwani ya mjomba. Mama anashuka mjini na kanga yake mabegani kwa sababu ya baridi, anakaa kwenye kiti cha wateja, mimi namsomea kutoka kwenye skrini. Kaka aliandika Kiswahili, akinogewa anachomekea Kiiraqw, na mama anacheka mpaka mjomba anaguna.

Aliandika kuhusu pilipili. Aliandika kuhusu joto. Siku moja aliandika kwamba amemwona tembo anapita barabarani katikati ya magari, tena taratibu kama mzee anayetoka kanisani, na hakuna aliyemshangaa ila yeye. Hiyo mama alitaka nimsomee mara tatu.

Kuchapa kwenye karatasi ilikuwa habari nyingine. Mjomba alikuwa bahili wa wino ile mbaya, hata dada yake wa tumbo moja alilipa. Kwa hiyo mama alichagua. Barua ikimgusa sana anatoa sarafu kwenye fundo la kanga na kusema, "Hii nitolee." Nyingine zikabaki kwenye mashine. Mimi nilihesabu zimepita 60.

SIKU NILIYOBONYEZA OK

Sasa ngoja nikueleze barua zilikaa wapi, kwa maana hapo ndipo kasheshe ilipoanzia.

Tulikuwa tunatumia Outlook Express, programu iliyokuja bure ndani ya Windows miaka ile. Watu wengi walidhani kila barua ni kitu kinachojitegemea, kama bahasha. Si kweli. Programu ile iliweka folda nzima ndani ya faili moja lenye mkia wa .dbx. Barua zote za inboksi, ziwe 5 au 5,000, faili moja. Gunia likitoboka, hapotei punje moja.

Tena faili hilo lilikuwa na tabia kama ya daftari la mkopo dukani. Mteja akilipa, muuza duka anapiga mstari kwenye jina lake, lakini ukurasa haung'oki. Ukifuta barua, programu inapiga mstari tu, nafasi inabaki pale pale. Siku zinakwenda, daftari linanenepa, mashine inakuwa nzito. Na likifika gigabaiti 2 ndiyo basi, haliwezi kuzidi hapo, linaanza kuharibika.

Dawa yake ni kulibana. Programu inalinakili daftari upya, inaandika yale yasiyopigwa mstari, halafu la zamani linatupwa. Kazi nzuri kabisa, na ni ya lazima. Ila katikati ya kunakili usimguse mwandishi!

Outlook Express ya miaka ile ilikuwa inahesabu. Ukishaifunga mara 100, inakuletea kisanduku kinachouliza: tubane faili zako ili kuokoa nafasi? Siku moja mwaka 2006, mjomba kaenda Babati, kisanduku kikatokea. Mimi hata sikusoma. Nikabonyeza OK, nikatoka nje kununua karanga.

Sijafika kwa muuza karanga, umeme ukakatika.

Kifaa cha kushikilia umeme kilikuwepo chini ya meza. Betri yake ilikuwa imekufa mwaka mzima, tunakitumia kuwekea miguu.

Umeme uliporudi niliwasha mashine, nikafungua inboksi. Nyeupe! Hakuna hata barua moja. Sikufichi msomaji, magoti yaliishiwa nguvu. Nikafunga, nikafungua tena. Nyeupe.

Mtu mwenye akili angeizima mashine na kumwita fundi. Mimi nikafanya nini? Nikaanza kusafisha ushahidi. Nikafuta vitu vilivyoonekana vya ajabu ajabu. Nikafungua pipa la taka la kompyuta, nikakuta mafaili mengi yenye mkia wa .bak ambao sikuuelewa, nikalimwaga lote. Jioni mjomba aliporudi nikamwambia, "Mjomba, virusi."

Wakati ule virusi alikuwa ndiye mbuzi wa kafara wa kila ofisi. Watu walikuwa bado wanakumbuka ILOVEYOU, ile imeili ya mapenzi iliyotoka Ufilipino mwezi Mei 2000 na kuvuruga kompyuta dunia nzima. Mjomba akatukana virusi, akamwita fundi, Windows ikawekwa upya, maisha yakaendelea.

Na kusema kweli wakati huo haikuuma sana. Simu za mkononi zilikuwa zimeshaenea, kaka alikuwa anapiga. Tukajua akirudi atasimulia mwenyewe.

Hakurudi. Mwaka 2008 alifariki kwa ajali ya barabarani huko huko India, na tukaupokea mwili Arusha.

KUMBE ZILIKUWA KWENYE PIPA

Mwaka uliofuata nilikutana na fundi mmoja Arusha, kijana mpole, mkono haukosi bisibisi. Nikamsimulia kama ni yaliyomkuta rafiki yangu. Akaniuliza swali moja tu: "Huyo rafiki yako aliangalia kwenye pipa la taka?"

Nikanyamaza.

Akanieleza kwamba Outlook Express ya Windows XP, baada ya maboresho ya mwaka 2004, ilipokuwa inabana faili ilikuwa inatupia nakala ya lile la zamani kwenye pipa, ikiwa na mkia wa .bak. Unalirudisha, unalibadilisha mkia kuwa .dbx, unaliweka mahali pake, mara nyingi barua zinarudi. Akaongeza kwamba hata pipa likishamwagwa, data haifutiki saa ile ile. Inabaki kwenye diski mpaka iandikwe kitu kingine juu yake. Mradi uache kuitumia mashine mara moja.

Sisi tulikuwa tumeweka Windows mpya na kuitumia mashine miaka mitatu.

"Basi huyo rafiki yako kawazika mwenyewe," fundi akasema, akaendelea na kazi yake. Nilitoka pale natembea kama mlevi.

Upande wa kaka nako hapakuwa na kitu. Alikuwa anatumia Yahoo, na Yahoo wana sheria: akaunti isiyofunguliwa kwa zaidi ya miezi 12 inaweza kufungwa na vilivyomo vikafutwa. Nenosiri lake hakuna aliyelijua.

Kila nikienda Mbulu mama ananiuliza. "Zile barua zipo?" "Zipo, mama, ziko kwenye kompyuta." Shikamoo na uongo, marahaba na uongo.

CD YA KATESH

Agosti 2023 nilikwenda harusini Katesh, makao makuu ya wilaya ya Hanang. Kama hujafika, mji umekaa miguuni mwa Mlima Hanang, volkano ya zamani yenye urefu wa zaidi ya mita 3,400. Shangazi yangu alikuwa na duka pale. Vitenge, madaftari, sabuni, kila kitu.

Tunakunywa chai, shangazi anapangua rafu, akatoa bahasha ya kaki. "Hivi hii si ya mjomba wako?" Ndani mlikuwa na nakala ya hati ya kiwanja, vyeti, na CD moja iliyoandikwa kwa kalamu nene: BARUA 2005.

Kumbe mwaka 2005, kabla fundi hajaichokonoa ile kompyuta, mjomba alinakili folda nzima ya barua kwenye CD na kuipeleka Katesh. Hakuniambia kwa sababu hakuona kama ni habari. Kwetu ni jambo la kawaida. Wazee wa Kiiraqw na wa Kibarbaig tangu zamani mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote kwenye boma moja. Wengine wanakaa kwa shemeji, wengine kwa rafiki bonde la pili. Ukija ugonjwa au ukame upande huu, upande ule unabaki na mbegu. Mjomba aliitendea CD vile vile alivyoona babu anatenda ng'ombe.

Moyo ulinidunda! Barua za miaka miwili ya mwanzo, pamoja na tembo, ziko mkononi mwangu. Nikatoa laptopu yangu mpya, nikaigeuza kushoto, nikaigeuza kulia. Haina mahali pa kuingizia CD. Laptopu za siku hizi nyingi hazina.

"Nitakuja Desemba na kifaa chake, shangazi," nikasema. Nikairudisha CD kwenye bahasha, shangazi akairudisha kwenye rafu.

Kwa nini sikuichukua? Nimejiuliza swali hilo mpaka limechoka. Nadhani niliogopa isivunjike kwenye basi.

Alfajiri ya Jumapili tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka. Serikali ilieleza baadaye kwamba haikuwa volkano. Miamba dhaifu ya mlimani ilinyonya maji mpaka ikashindwa kujishikilia, ikaporomoka na kugeuka tope. Tope, mawe na magogo vilishuka mpaka mjini. Watu zaidi ya 80 walikufa. Rais Samia Suluhu Hassan alikatisha safari yake ya Dubai, alikokuwa kwenye mkutano wa COP28, akarudi na kufika Katesh.

Shangazi alikuwa amelala kwa mwanawe Babati. Mungu alimnusuru. Duka lilijaa tope mpaka karibu na boriti.

Nilifika siku ya nne. Nilikuta watu wanachimba na majembe wakitafuta ndugu zao. Msomaji wangu, mbele ya mtu anayemtafuta mtoto huwezi kufungua mdomo ukataja CD. Nilichukua jembe na mimi nikachimba, sikusema kitu. Rafu ilipopatikana ilikuwa vipande. Bahasha haikuonekana.

MAMA AFUNGUA SANDUKU

Krismasi hiyo nilikaa na mama jikoni, Mbulu, baridi inapiga. Nikamwambia yote. OK, karanga, umeme, pipa, virusi wa uongo, CD.

Alinyamaza muda mrefu, anachochea moto. Halafu akasema, "Miaka yote hiyo ulikuwa unaogopa nini, nikuchape?"

Sikuwa na jibu.

Akainuka, akaingia chumbani, nikasikia sanduku la bati linafunguliwa. Akarudi na mfuko wa plastiki wa unga. Ndani mlikuwa na karatasi zimekunjwa mara nne. Zile alizozilipia kwa sarafu za kwenye fundo la kanga. Tulizihesabu pamoja: 19. Mbili wino umefifia, moja panya wamekula pembe, zilizobaki zinasomeka vizuri kabisa.

"Hizi ni zangu," mama akasema. "Za kwako ndizo zimepotea."

Mimi mwenye diploma ya habari, mwenye laptopu, nilikuwa sina hata moja. Mama ambaye hajawahi kugusa kibodi alikuwa nazo 19.

Barua ya tembo haikuwemo. Nilizipekua mara mbili. Mama akaniambia nisihangaike, akaanza kuisema kwa kichwa, neno kwa neno, mpaka pale pa mzee anayetoka kanisani. Nikawasha simu nikamrekodi.

Usiku ule ule nilipiga picha karatasi zote 19. Nakala moja ikabaki kwenye laptopu, ya pili nikaiweka kwenye diski ya nje niliyomwachia mjomba, ya tatu ikapanda kwenye akaunti yangu ya mtandaoni. Karatasi zenyewe zikarudi sandukuni. Sasa ng'ombe wako maboma manne.

HAYA, WEWE JE?

Najua unachosema: mimi natumia Gmail, hayo ya mafaili ni ya enzi za mjomba. Sikia mtu wangu.

Kwanza, ofisi kibao mpaka leo zinatumia Outlook ya mezani, na barua za miaka kumi zimelala kwenye faili moja lenye mkia wa .pst ndani ya kompyuta ya katibu muhtasi. Mikataba, ankara, barua za wafadhili, zote mle. Siku kompyuta ikiibwa, ofisi inakuwa kama mtu aliyepigwa kichwani. Na kumbuka, tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, barua pepe inaweza kupokelewa mahakamani kama ushahidi. Sasa utapeleka ushahidi gani kama faili limekufa?

Pili, hata Google huteleza. Februari 2011 watumiaji wachache wa Gmail waliamka wakakuta inboksi nyeupe kama yangu. Kosa la programu lilikuwa limefuta mpaka nakala zilizokuwa kwenye kompyuta nyingine za kampuni. Unajua nini kiliwaokoa? Mikanda ya sumaku, iliyokuwa imewekwa mbali na mtandao. Kampuni kubwa vile, ikarudi kwenye mikanda! Tena tangu Desemba 2023, mwezi ule ule wa Katesh, Google wameanza kufuta akaunti binafsi zilizokaa miaka 2 bila kuguswa. Kama una ndugu marehemu mwenye barua na picha mle, shughulika mapema.

Basi fanya hivi, wala si kazi ya mchana mzima.

Jua faili lako liko wapi. Ukiwa na Outlook, nenda kwenye mipangilio ya akaunti, sehemu ya mafaili ya data, utaona .pst yako na njia yake. Ukiwa na Thunderbird, menyu ya msaada ina ukurasa wa taarifa za kutatua matatizo, na pale pana kitufe kinachokufungulia folda yako yenyewe. Nakili folda nzima, usichague chague.

Funga programu kabla ya kunakili. Faili likiwa wazi, unanakili daftari huku mtu mwingine bado analiandikia.

Lisiachwe linenepe. Outlook za zamani, mpaka ya 2002, mwisho wake ulikuwa gigabaiti 2. Ya 2003 na 2007 ziliwekewa 20, na kuanzia ya 2010 ni 50. Usisubiri ufike huko. Kila mwaka fungua faili jipya, la zamani liweke pembeni na jina lake: BARUA 2023, BARUA 2024.

Bana mafaili, lakini kwanza weka nakala, na hakikisha umeme upo wa uhakika. Laptopu iwe na chaji, ya mezani iwe na kifaa chenye betri hai, si cha kuwekea miguu. Na ukishaanza, kaa pale. Karanga zitasubiri.

Thunderbird ikikuonyesha folda tupu, usipige mayowe. Kila folda lina faili kubwa lisilo na mkia, hilo ndilo lenye barua, na kando yake lipo dogo lenye mkia wa .msf, hilo ni orodha tu ya ukurasa wa mbele. Mara nyingi kilichoharibika ni orodha. Funga programu, futa lile dogo, fungua tena, itajiandikia orodha mpya. Kwa Outlook, Microsoft wameweka kifaa kiitwacho scanpst.exe cha kutengeneza .pst iliyoumia. Kitumie kwenye nakala, si kwenye faili lenyewe.

Usifungue .pst moja kwa moja kutoka kwenye flashi. Flashi ni ya kubebea nakala. Ukiichomoa kabla ya wakati, umekwisha.

Wa Gmail, Google wana huduma iitwayo Takeout. Unaomba, wanakuandalia barua zako zote kwenye faili lenye mkia wa .mbox, unashusha, unahifadhi. Thunderbird inaweza kulisoma, kwa kuongezewa kijiprogramu kidogo kama haikubali yenyewe.

Halafu hesabu maboma. Mpiga picha mmoja wa Marekani, Peter Krogh, ndiye aliyeueneza ule mpango wa 3-2-1: nakala 3, kwenye vyombo vya aina 2, na 1 ikae mbali na hapo ulipo. Mjomba wangu hajawahi kumsikia, lakini angempa mkono. Ila na mimi nakuongezea la nne nililolipia kwa machozi: nakala ambayo hujaifungua si nakala. Ile CD ilikaa Katesh miaka 18 bila mtu kuijaribu. Kila baada ya miezi michache fungua, soma barua moja, hakikisha inafunguka. Na kama imehifadhiwa kwenye chombo kinachopitwa na wakati, ihamishe kabla hujanunua laptopu isiyo na tundu.

La mwisho, likikukuta la kukukuta, ondoa mkono kwenye mashine. Usisafishe, usimwage pipa, usiweke Windows mpya. Na usiseme virusi. Sema ukweli siku ile ile, maana ukweli wa siku ile unaweza kuokoa barua. Wa baada ya miaka 15 unaokoa roho yako tu.

Wiki iliyopita mama alipiga simu. Baada ya shikamoo na marahaba, habari za watoto na mvua, akaniuliza, "Zile barua zipo?"

Nikamwambia asikate simu. Nikachomeka diski, nikafungua ya kwanza, nikamsomea mpaka mwisho.

"Haya," akasema. "Zipo."